Emuleta ya bodi kwenye kivinjari: ni nini na inafanyaje kazi

Emuleta ni programu inayofanya kazi ya chipu nyingine. Unafungua ukurasa kwenye simu au kompyuta, unaona picha ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa kazi kwa programu, unaandika msimbo, unabonyeza kitufe cha kuanza, na bodi ile ya kwenye kioo inatii ulichoandika. Kwa mwanafunzi wa Newala au Nachingwea hili ni jambo kubwa. Bodi yenyewe mara nyingi lazima iagizwe Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi, na akiiunguza siku ya kwanza anaanza upya kuchanga pesa.

Wengi hudhani kinachoonekana pale ni mchoro tu unaochezeshwa. Sivyo. Arduino Uno inaendeshwa na chipu ya ATmega328P, yenye kasi ya megahezi 16, kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi. Msimbo wako hugeuzwa kwanza kuwa amri za namba, ndizo pekee chipu inazozielewa. Emuleta inapokea namba hizohizo, bila kubadilisha hata moja. Inasoma amri, inatambua inataka nini, inabadilisha thamani katika rejesta 32 (visanduku vidogo vya namba ndani ya chipu) ambazo sasa ni namba tu ndani ya kumbukumbu ya kivinjari, inaongeza hesabu ya mapigo ya saa, kisha inakwenda kwenye amri inayofuata. Kazi hiyo inarudiwa mamilioni ya mara kila sekunde.

Tuitazame taa ya pini 13 (pini ni mguu wa kuunganishia waya), ile ambayo kila anayeanza huiwasha na kuizima. Kwenye bodi halisi, kuiwasha ni kuandika 1 kwenye biti (tarakimu ya 0 au 1) namba 5 ya rejesta iitwayo PORTB, ukianza kuhesabu na sifuri. Rejesta hiyo iko kwenye anwani 0x25, yaani namba ya mahali pake katika kumbukumbu. Ndani ya emuleta hakuna umeme wowote. Kuna kipande cha msimbo kinachoangalia anwani hiyo muda wote, na kikiona biti ile imekuwa 1, kinaipaka picha ya taa rangi ya kuwaka.

Kungoja sekunde moja nako kunahitaji kazi, maana sekunde moja ya chipu hii ni mapigo milioni 16. Taima yake, yaani kihesabio cha muda, huongeza moja kila baada ya mapigo 64, na hujaa ikifika 256, yaani kila mapigo 16,384. Emuleta lazima ihesabu yote hayo. Simu yenye nguvu ndogo ikizidiwa, sekunde ya bodi itakuwa ndefu kuliko ya saa ya ukutani, lakini mfuatano wa matukio utabaki uleule. Hapo ndipo ninapoona uzuri wa ufundi huu.

Simuleta ni kitu kingine. Ile ya MakeCode, tovuti ya kuandikia programu za micro:bit (bodi ndogo ya kufundishia), kwa mfano, hugeuza programu yako kuwa JavaScript, lugha ya kivinjari, na kuiendesha moja kwa moja, bila kupitia amri za chipu. Kwa mtoto wa shule inatosha kabisa. Wokwi, tovuti ya kujaribia bodi kwenye kivinjari, inatumia emuleta ya kweli: kwa Uno iko AVR8js, maktaba huria (msimbo ulio wazi kwa yeyote kuutumia) iliyoandikwa na Uri Shaked, na kwa bodi nyingine, Raspberry Pi Pico, iko rp2040js. Ukijaza zile kilobaiti 2, programu yako inavurugika kama ambavyo ingevurugika kwenye bodi halisi mezani.

Kuhusu bando: kugeuza msimbo wa Arduino kuwa amri hufanyika kwenye seva, lakini kuiendesha chipu ni kazi ya kifaa chako mwenyewe.

Sasa tuseme unataka kengele ya unyevu kwa ghala la korosho kule Masasi. Wokwi ina sensa ya DHT22, inayopima joto na unyevu. Unaibofya, unasogeza unyevu kutoka asilimia 60 hadi 85, unasikiliza kama buza, kifaa kidogo cha mlio, italia. Mantiki yako utaipima vizuri sana hapo, na ningemshauri yeyote asinunue kifaa kabla ya hatua hiyo. Lakini sensa ya kwenye kioo haishiki vumbi la magunia, waya wake haulegei, na chumvi ya hewa ya Mikindani haiweki kutu kwenye viungo vyake. Taa iliyounganishwa bila rizista, kipande cha kupunguza mkondo wa umeme, haiungui pale. Mezani inaweza kuungua, na pini ya bodi inaweza kuharibika pamoja nayo.

Kwa hiyo kengele ikilia kwenye kivinjari na ikakaa kimya ghalani, usikimbilie kuandika msimbo upya. Anza na nyaya, kisha umeme unaoingia kwenye bodi, kisha sensa yenyewe.