Neno "culture" lilianzia shambani

Wengi wanaokuja kusoma isimu katika idara yetu hudhani kuwa neno la Kiingereza "culture" tangu mwanzo lilihusu ngoma, mavazi na mila. Mrumi wa kale asingewaelewa. Kwake "cultura" ilikuwa kazi ya jembe.

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "colere", chenye maana pana: kulima, kukaa mahali, kutunza, hata kuabudu. Ukiunganisha "ager", yaani shamba, na "cultura" unapata "agricultura", yaani kilimo, neno ambalo Kiingereza kinalo mpaka leo: "agriculture".

Aliyelihamisha neno kutoka udongoni hadi akilini ni Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale. Mwaka 45 KK, mwaka aliofiwa na binti yake Tullia, aliandika mijadala ya falsafa aliyoipa jina la Tusculum, mahali palipokuwa na nyumba yake ya shamba. Humo anasema shamba, hata likiwa na rutuba, halizai bila kulimwa, na akili nayo haizai bila elimu. Falsafa akaiita "cultura animi", kilimo cha nafsi, kwa kuwa hung'oa maovu na mizizi yake na kuiandaa nafsi ipokee mbegu. Kwangu hiki ndicho kiini cha neno zima: jambo linalofanyiwa kazi kila msimu, si mali iliyorithiwa ikafungiwa kabatini.

Kiingereza kililipokea kupitia Kifaransa, kwanza kwa maana ya kulima. Maana hiyo ingali hai maabarani: daktari akiagiza makohozi yaoteshwe ili kutafuta vimelea vya kifua kikuu, kwa Kiingereza kipimo hicho huitwa "culture". Maana ya mila na desturi za jamii ilipata nguvu baadaye sana, hasa baada ya Edward Tylor, mwanaanthropolojia wa Uingereza, kuieleza kitaalamu mwaka 1871.

Lakini "colere" ina mtoto mwingine, na huyu hatajwi vya kutosha. "Colonus" alikuwa mkulima au mlowezi. "Colonia" ilikuwa makazi mapya ya raia wa Roma, mara nyingi askari wastaafu waliogawiwa mashamba. Mji wa Köln, Ujerumani, ulipewa hadhi hiyo mwaka 50 BK, na jina lake limetokana nayo. Ndiko yalikotoka pia maneno yetu koloni, mkoloni na ukoloni. Mashamba waliyogawiwa askari hao, mara nyingi, yalikuwa yamenyang'anywa watu waliokuwa wakiyalima.