Kifua kinapobana msibani: mshtuko wa nafsi na moyo wa mwanamke

Mwanamke anapobanwa na kifua siku chache baada ya kufiwa, wanaomzunguka huwa na majibu tayari: ni mawazo, ni presha, au ni vidonda vya tumbo vimemrudia kwa sababu hajala. Mimi ni daktari wa magonjwa ya moyo hapa Kampala, na ninaandika haya kwa sababu majibu hayo, hasa lile la "ni mawazo tu", yamewachelewesha wanawake wengi kufika mahali penye kipimo cha umeme wa moyo. Maumivu yaliyoanzia kwenye huzuni si maumivu ya kubuni. Huzuni, hofu na hasira huweza kuudhuru msuli wa moyo kwa namna inayoonekana wazi katika vipimo, na katika saa za mwanzo dalili zake hazitofautiani na za mshtuko wa moyo uliozoeleka, yaani ule unaoletwa na mshipa ulioziba.

Ugonjwa unaodhihirisha jambo hili kuliko mingine yote unaitwa takotsubo. Madaktari wa Japani ndio waliouelezea kwanza, mwaka 1990, wakaupa jina la chungu cha kunasia pweza chenye shingo nyembamba na tumbo pana, kwa kuwa ndivyo chumba cha kushoto cha moyo kilivyoonekana katika picha za wagonjwa wao. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa huko tu. Mwaka 2005 madaktari wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, nchini Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 19 walioingia hospitali baada ya mishtuko ya ghafla ya nafsi, karibu wote wanawake, na wakaonyesha kwamba adrenalini na homoni zinazofanana nayo zilikuwa zimepanda katika damu yao mara mbili hadi tatu kuliko kwa watu waliolazwa kwa mshtuko wa moyo wa kawaida.

Homoni hizo ndizo zinazotuwezesha kukimbia hatari, na kwa kiasi cha kawaida huusaidia moyo kusukuma kwa nguvu. Zinapofurika kwa mkupuo mmoja, matokeo huwa kinyume. Inaelekea kwamba ncha ya chumba cha kushoto ina vipokezi vingi zaidi vya adrenalini kuliko sehemu ya juu, kwa hiyo ndiyo inayoelemewa zaidi. Papo hapo vishipa vidogo vilivyomo ndani ya msuli hujibana na kupunguza damu inayopita. Ninapoweka kifaa cha eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, juu ya kifua cha mgonjwa wa namna hii, naona sehemu ya juu ya chumba ikijikaza kwa nguvu nyingi, pengine kupita kiasi, huku ncha ikiwa imetanuka na kusimama kabisa. Msuli huo haujafa. Umepigwa na bumbuwazi, na kwa wagonjwa wengi hurudia kazi yake ndani ya wiki chache. Mishipa mikubwa inayoulisha moyo, tukiichunguza kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo, haionyeshi kuziba kunakoweza kueleza kulegea kote huko.

Takwimu zinazotegemewa zaidi zilitoka mwaka 2015, kwenye rejista ya kimataifa ya wagonjwa 1,750. Karibu asilimia 90 walikuwa wanawake, na wastani wa umri wao ulikuwa takriban miaka 67. Kwa nini wanawake, na kwa nini baada ya kukoma hedhi? Maelezo yenye uzito ni kwamba estrojeni, homoni ya kike, huilinda mishipa midogo na kupunguza makali ya adrenalini, na kinga hiyo hupungua hedhi inapokoma. Hapa kwetu huo ndio umri wa bibi anayelea wajukuu, anayelima, na anayeitwa wa kwanza nyumba inapopata msiba.

Katika rejista hiyo hiyo, visababishi vya mwili, kama vile shambulio la pumu, upasuaji, maambukizi makali au kiharusi, vilikuwa vingi kuliko vya hisia: asilimia 36 dhidi ya takriban 28. Zaidi ya robo ya wagonjwa hawakuwa na kisababishi chochote kilichojulikana. Na uchunguzi uliofuata wa wale walioshtushwa na hisia ulionyesha kwamba takriban asilimia 4 walikuwa wameshtushwa na furaha, kama ile ya harusi au ya kuzaliwa mjukuu. Kwa hiyo yeyote anayesubiri kusikia habari ya kifo ndipo aufikirie ugonjwa huu atawakosa wagonjwa wengi, nami huwasisitizia jambo hilo wauguzi na madaktari vijana ninaofanya nao kazi.

Nimtaje mgonjwa mmoja, pasipo kumtambulisha. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu upande wa Busia, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, na habari ya ajali ya mwanawe wa boda boda ilimfikia kwa simu akiwa sokoni. Alihisi kifua kikibana na pumzi ikikatika, akaketi juu ya gunia, akapewa maji, kisha akapelekwa nyumbani kuanza matanga. Usiku wa pili hakuweza kulala chali bila kukosa hewa. Kituo cha kwanza walichompeleka kilimpa dawa ya tumbo. Alipofika kwetu miguu ilikuwa baridi, presha imeshuka, na mapafu yamejaa maji. Binti yake alikuwa akimbembeleza: "Mama, usiwaze sana, utaumwa." Nilimweleza binti huyo kwamba mama tayari anaumwa, na kwamba ugonjwa wake unaonekana kwenye kioo cha mashine, nikamgeuzia kioo, nikamwonyesha kwa kidole ile ncha isiyotikisika. Tangu hapo hakumwambia tena mama yake ajikaze.

Hakuna mtu, hata bingwa, anayeweza kutofautisha takotsubo na mshtuko wa moyo kwa kusikiliza maelezo peke yake. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mabadiliko yaleyale. Troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia, hupanda katika hali zote mbili, ingawa kwenye takotsubo mara nyingi hupanda kidogo ukilinganisha na ukubwa wa eneo lililolegea. Jibu la uhakika hupatikana kwa kuipiga picha mishipa ya moyo, kazi ambayo Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago huifanya katika maabara yake ya katheta. Kutoka Arua au Kisoro safari hiyo ni ndefu, nami sijifanyi kuwa haina gharama. Ndiyo maana nawaomba wahudumu wa vituo vya afya wamchukulie kila mwanamke mwenye maumivu mapya ya kifua, jasho la ghafla au pumzi kukatika kuwa ana mshtuko wa moyo hadi vipimo viseme vinginevyo, wampe aspirini ya kutafuna iwapo hana mzio nayo wala hatoki damu, na waanze kutafuta usafiri kabla hawajaanza kuuliza habari za msiba.

Wapo wanaoutaja ugonjwa huu kama hali nyepesi kwa sababu wengi hupona. Sikubaliani nao. Katika rejista niliyoitaja, mgonjwa mmoja kati ya kila ishirini na watano hivi alifariki akiwa bado hospitalini. Moyo unaweza kushindwa kusukuma damu ya kutosha, mapigo yanaweza kuvurugika, na damu iliyotuama kwenye ile ncha iliyolala inaweza kuganda, kisha donge likasafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kuna hatari nyingine ambayo kila chumba cha dharura kinapaswa kuijua: kwa baadhi ya wagonjwa sehemu ya juu ya moyo hujikaza mno hata ikabana njia ya damu kutoka, na mgonjwa huyo akichomwa adrenalini au dawa ya jamii yake ili kupandisha presha, hali huzidi kuwa mbaya. Eko ya haraka kabla ya sindano hiyo inaweza kuokoa maisha.

Takotsubo si peke yake. Wanawake wenye umri mdogo zaidi, wa miaka arobaini au hamsini, na hata waliojifungua karibuni, huweza kupata mpasuko wa ghafla katika ukuta wa mshipa wa moyo, na mara nyingi kabla yake palikuwa na mshtuko mkubwa wa nafsi au kazi nzito ya mwili. Wengi wao hawavuti sigara wala hawana sukari, hivyo hakuna anayewashuku. Na mama anayekosa pumzi katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua asiambiwe ni uchovu wa mtoto kabla moyo wake haujapimwa, kwa maana upo ugonjwa wa msuli wa moyo wa kipindi hicho hasa.

Jambo moja linahusu matanga yetu moja kwa moja. Mwanamke mwenye presha anapoondoka mjini usiku kwenda kijijini kuzika, dawa zake mara nyingi hubaki kabatini. Hukaa siku kadhaa bila kuzimeza, hulala sakafuni, huamka alfajiri kupika kwa moshi wa kuni kwa ajili ya waombolezaji, na chakula hukigusa wa mwisho. Sina nia ya kubadilisha desturi za kuomboleza, ambazo zenyewe huwatuliza wafiwa. Ninachoomba ni kwamba atakayemfungia mama mzigo amwekee na dawa zake, na kwamba siku za kilio awepo mtu wa kumuuliza kama amezimeza.

Aliyepona anahitaji eko nyingine baada ya wiki nne hadi nane, kwa sababu kujisikia nafuu hakuthibitishi kwamba ncha imeanza kusukuma tena. Hadi hapo tunampa dawa za kuupunguzia moyo mzigo, na tukiona donge, za kuzuia damu kuganda. Ugonjwa huweza kurudi. Katika rejista ulirudi kwa takriban wagonjwa wawili kati ya mia kwa mwaka, na hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia usirudi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa na historia ya maradhi ya neva au ya akili, yakiwemo sonona na wasiwasi uliokithiri, kwa hiyo ninapoandika tarehe ya eko ya pili humwandikia mgonjwa pia barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili, na humweleza mbele ya jamaa zake kwamba barua hiyo ni sehemu ya matibabu ya moyo wake.