Chaivu: kitunguu kinachovunwa bila kung'olewa

Tukisema "majani ya kitunguu", kila mtu huona picha yake. Kuna anayefikiria kitunguu cha kawaida kilichong'olewa kikiwa kichanga, na kuna anayefikiria liki, lile lenye majani mapana na shina nene jeupe. Mdogo wao wote, anayeitwa chaivu, mara nyingi husahaulika au huchukuliwa kuwa kitunguu kilichodumaa. Sivyo. Chaivu ni mmea kamili wenye tabia yake. Tabia iliyo muhimu kwa mkulima wa nyumbani ni hii: kitunguu cha kawaida ukishakivuna kimekwisha, lakini chaivu unakata majani tu, mmea unabaki ardhini na kuchipua upya, mwaka hadi mwaka.

Jina lake la kitaalamu ni Allium schoenoprasum. Aliyeupa jina hilo ni mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus, mwaka 1753, na neno la pili limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyasi za majimaji na liki. Jina linausadifu mmea kabisa, kwa sababu kwa mbali chaivu huonekana kama kichaka kidogo cha nyasi. Ukisogea karibu utaona kila jani ni la mviringo, jembamba, tupu ndani kama mrija. Chini ya udongo kuna vitunguu vidogo vyembamba vilivyobanana, lakini si hivyo tunavyovifuata. Tunafuata majani.

Chaivu ina ndugu anayechanganywa nayo sana, Allium tuberosum, mwenye harufu ya kitunguu saumu na maua meupe. Huhitaji kusubiri maua ili kuwatofautisha. Shika jani katikati ya vidole viwili na ulisokote taratibu. Jani la chaivu litazunguka kama mrija, la huyo ndugu yake litakwama kwa sababu ni bapa na lina kingo mbili. Wote wawili huliwa, ila ladha si moja.

Sasa tuje kwenye siri ya kukata na kuota tena. Jani la chaivu hukua kutokea chini, kwenye kitako, wala si kwenye ncha. Jaribu mwenyewe: weka nukta ya wino kwenye jani changa, karibu kabisa na udongo, kisha urudi baada ya siku kadhaa. Utaikuta nukta imepanda juu, kwa kuwa sehemu mpya ya jani inazaliwa chini yake. Ndiyo maana ukikata juu, kiwanda chenyewe hujakigusa.

Kwa hiyo namna ya kuvuna inatokana na umbile hilo. Subiri majani yafike kama sentimita 15. Chukua mkasi mkali, anza na majani ya nje, na uyakate ukiacha sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Wengi hukatakata ncha tu, wakidhani wanauhurumia mmea. Matokeo yake ni kichaka chenye majani butu yaliyokauka mwishoni, magumu kutafuna, huku machipukizi mapya yakikosa nafasi. Kosa la upande wa pili ni kunyoa kichaka chote hadi kwenye udongo kila wiki. Mmea hutengeneza chakula chake kwa majani hayo hayo. Ukimnyang'anya yote kila mara, vitunguu vyake vya chini vinadhoofika. Mimi napendelea kuwa na vichaka viwili au vitatu na kuvuna kwa zamu.

Kupanda si kazi ngumu. Mbegu ni nyeusi, ndogo, na hazidumu sana ghalani, hivyo tafuta mbegu mpya. Zifukie kwa kina cha sentimita moja hivi, udongo usikauke, na uwe na subira: huchukua wiki mbili hadi tatu kuota, na miche ya mwanzo ni myembamba kama uzi, rahisi kung'olewa pamoja na magugu. Ipandikize kwa mafungu, si mche mmoja mmoja, ukiacha sentimita 20 hadi 30 kati ya fungu na fungu. Njia ya haraka zaidi ni kumwomba mwenye chaivu akugawie kipande cha kichaka chake, na utavuna mapema kuliko aliyeanza na mbegu.

Chaivu hupenda jua, saa 6 kwa siku au zaidi, na udongo wenye mboji unaopitisha maji. Kwenye chungu, hakikisha kuna matundu chini. Maji yakituama, vitunguu huoza, na kwa nje utaona tu majani yakigeuka manjano, hali inayomshawishi mtu aongeze maji tena. Ingiza kidole kwenye udongo kwanza. Palilia kwa mkono, kwani mizizi yake iko karibu na uso wa ardhi. Kwenye nchi za baridi kali majani hunyauka yote na kurudi joto linaporejea; huo si msiba.

Baada ya miaka miwili au mitatu kichaka husongamana na majani hupungua unene. Hapo king'oe chote, kitenganishe kwa mikono katika mafungu ya vitunguu vichache vichache, punguza majani, kisha upande upya.

Maua yake ya zambarau huliwa pia, na nyuki huyapenda mno. Ila bua linalobeba ua ni gumu, halifai jikoni. Likate hadi chini. Usipotaka miche iote kila kona, ondoa maua kabla mbegu hazijadondoka.

Jikoni, katakata chaivu dakika ya mwisho na uinyunyize baada ya kuepua chungu. Harufu yake hutokana na kemikali za salfa zinazozaliwa pale jani linapokatwa, na moto huzifukuza upesi. Ukiikausha hupoteza sehemu kubwa ya ladha, kwa hiyo ziada ni afadhali kuigandisha kwenye friji ikiwa imekatwakatwa.

Kama unafuga mbwa au paka, weka chungu mahali wasipofika. Chaivu, kama vitunguu vyote, huharibu chembe nyekundu za damu yao.