PXE: Chokaa Huonekana Kwenye Ngozi, Kasoro Iko Kwenye Ini

Dhana: Vipele hivi vimeletwa na krimu, au mtu ameambukizwa.

Shingoni na kwapani mwa mgonjwa wa PXE huota vipele vidogo vya rangi ya manjano vilivyopangana karibu karibu, kisha ngozi hulegea na kufanana na ya kuku aliyenyonyolewa. Kwa kuwa mara nyingi dalili hizi hujitokeza utotoni au wakati wa kubalehe, hapa Uganda lawama huangukia upesi krimu za kujichubua au taulo la mwenzake wa bwenini. Ukweli ni kwamba sudozanthoma elastikamu, ambayo madaktari huiita PXE kwa kifupi, haiambukizi wala haisababishwi na kipodozi chochote. Ni ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni ya ABCC6, iliyo kwenye kromosomu ya 16, na mtoto huupata akirithi nakala yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Wazazi wenye nakala moja tu ya namna hiyo kwa kawaida huonekana wazima, na hapo ndipo jamaa huanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Dhana: Chokaa imezidi mwilini, kwa hiyo mgonjwa aache maziwa.

Ushauri huu ni mgumu kumpa mtu wa Mbarara, nchi ya maziwa, na bahati nzuri hauna msingi. Ukipima damu ya mgonjwa wa PXE, kalsiamu na fosfeti, madini yanayounda chokaa hiyo, kwa kawaida huwa katika viwango vya mtu mwenye afya. Kilichopungua ni vizuizi. Katika damu ya kila mmoja wetu madini haya yapo kwa wingi unaotosha kuganda ndani ya tishu laini, na hayagandi kwa sababu tu mwili una walinzi wake. Mmoja ni protini ya fetuini-A, inayotengenezwa na ini na kunasa chembe za madini kabla hazijakua. Mwingine ni protini ya MGP, inayofanya kazi katika kuta za mishipa na katika gegedu: panya waliozalishwa bila protini hiyo walikufa ndani ya miezi miwili, mishipa yao ikiwa imejaa chokaa na kupasuka. Wa tatu si protini, bali ni molekuli ndogo iitwayo pirofosfeti, na huyu ndiye kiini cha PXE.

Dhana: Protini iliyoharibika lazima iwe kwenye ngozi.

Protini ya ABCC6 hupatikana zaidi kwenye ini, na kwa kiasi kidogo kwenye figo. Watafiti walipohamisha ngozi ya panya wenye afya na kuipandikiza kwa panya wasio na protini hiyo, ngozi hiyo isiyo na kasoro iliingia chokaa. Ngozi ya panya wagonjwa ilipopandikizwa kwa wenye afya, ilisalimika. Mwaka 2013 ilibainika kwamba ABCC6 huwezesha seli za ini kutoa nje ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ambako kimeng'enya cha ENPP1 huikata na kuacha pirofosfeti. ABCC6 ikikosekana, pirofosfeti hupungua katika damu yote, na madini hutua kwenye nyuzi nyumbufu za ngozi, za mishipa ya damu na za utando ulio nyuma ya retina, sehemu ya jicho inayopokea mwanga.

Dhana: Vitamini K itaponya.

Wazo hili halikutoka hewani, kwani MGP haifanyi kazi bila kukamilishwa kwa vitamini K, na wagonjwa wa PXE huwa na MGP nyingi isiyokamilika. Hata hivyo, panya wenye ugonjwa huu waliolishwa vitamini K kwa wingi waliendelea kujenga chokaa. Dodo, yaani mchicha wenye vitamini K, ni mboga nzuri na iliwe, lakini isiuzwe kama dawa.

Dhana: Ni suala la urembo tu.

Utando wa nyuma ya retina ukishakuwa mgumu hupasuka, mishipa dhaifu huota ndani ya nyufa na kuvuja damu, na mgonjwa huanza kuona fremu ya mlango ulionyooka kana kwamba imepinda. Akiona hivyo aende kwa daktari wa macho bila kungoja, kwa sababu sindano za jichoni zinazozuia mishipa hiyo huweza kuokoa uwezo wa kuona. Pigo la kichwa pia huweza kupasua utando huo, hivyo helmeti ya boda boda kwake si jambo la hiari. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, ambazo duka lolote la dawa humpa mtu bila kumuuliza, azitumie kwa idhini ya daktari tu, kwani tumbo la mgonjwa wa PXE nalo huweza kutoka damu.