Je, wajua kwa nini paka wa katuni hapotezi pigo hata akinaswa na mtego?

Mwaka 1947 studio ya MGM ilitoa katuni ya Tom na Jerry iitwayo The Cat Concerto. Tom, kavaa suti nyeusi ya jioni, anaketi mbele ya piano na kuanza Rapsodia ya Kihungari Namba 2 ya mtunzi Franz Liszt. Kumbe panya Jerry amelala ndani ya piano hiyohiyo. Kuanzia hapo ni vita kwa muda usiofika dakika nane, hakuna neno linalosemwa, na kila kofi linaangukia kwenye noti yake. Hilo liliwezekanaje?

Ni kwa sababu muziki ulitangulia, picha zikafuata. Katika vipindi vingi vya Tom na Jerry mambo yalikwenda kinyume. William Hanna, aliyeongoza pamoja na Joseph Barbera, alipanga kwanza muda wa kila tendo, kisha mtunzi Scott Bradley akaandika muziki wa kuufuata mpango huo: paka akinyata, filimbi inanyata naye, akigonga ukuta, okestra nzima inagonga. Muziki wa namna hiyo unaweza kurefushwa au kukatwa upendavyo. Wa Liszt haukatiki hovyo, kwa kuwa wasikilizaji wanaujua. Ndiyo maana piano ilirekodiwa kwanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Filamu ya sinema hupita fremu 24, yaani picha moja moja 24, kila sekunde. Pigo la muziki likichukua fremu 12, unapata mapigo 120 kwa dakika. Likichukua 16 unapata 90. Likichukua 8 unapata 180. Kwa muziki wa mwendo usiobadilika, wanamuziki huwekewa mlio wa tik-tik kwenye hedifoni, nao wanapiga kwa kuufuata. Lakini sehemu ya kwanza ya rapsodia hii, iitwayo lassan, huvuta na kuachia pumzi kadiri mpigaji anavyojisikia, na tik-tik ingeiua. Dawa ni kurekodi bila tik-tik, kisha kuusikiliza mkanda wa sauti kipande kwa kipande na kuandika kila noti inaanza kwenye fremu ya ngapi. Karatasi hiyo ya namba ndiyo anayopewa mchoraji.

Hapo ndipo kazi inapoweza kuharibika. Mkono wa Tom hauwezi kuibuka tu juu ya kibao cha piano katika fremu ya noti. Lazima uinuke fremu kadhaa kabla, ushuke, ndipo uguse. Kwa hiyo mchoraji anaanza kuichora noti kabla haijasikika. Tena jicho halivumilii sauti inayoitangulia picha, ila picha ikiitangulia sauti kwa fremu moja au mbili hakuna anayelalamika, na wachoraji wengi hufanya hivyo makusudi ili pigo lionekane kali. Kuna na suala la idadi ya michoro. Kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Katika mbio za friska, ile sehemu ya pili ya kasi, michoro 12 haitoshi. Vidole vitaonekana vinaruka badala ya kukimbia, na hapo huchorwa mchoro mpya kwa kila fremu.

Tazama vidole hivyo. Katika katuni nyingi za zamani mikono ya mpiga piano hupapasa tu popote. Hapa, kwa sehemu kubwa, noti zikipanda mikono inakwenda kulia, zikishuka inarudi kushoto.

Hata hivyo, ufundi huo peke yake usingechekesha. Kinachochekesha ni kwamba Tom yuko mbele ya hadhira. Katika vipindi vingine akichokozwa huacha kila kitu na kumfukuza Jerry nyumba nzima. Hapa ana wimbo wa kumaliza, hivyo adui anamtesa naye anaendelea kupiga, uso mkavu, akijibu mapigo kwa siri. Liszt amemfunga kamba.

Mfano bora ni mtego wa panya. Jerry ameshashindwa mara kadhaa kukikata kidole cha Tom kwa mkasi kwenye kibao cha mwisho upande wa kulia. Sasa anaondoa vibao na kuweka mtego mahali pake. Tom anapiga upande huu wa mtego, anapiga upande ule, anauruka tena na tena bila kuuona. Masikio yetu yanajua muziki unaelekea wapi, kwa hiyo tunauona msiba kabla haujafika. Kidole kinaponaswa, tulikuwa tunakisubiri.

Baadaye Jerry anacheza dansi juu ya nyundo za ndani, na Liszt anageuka ghafla kuwa On the Atchison, Topeka and the Santa Fe, wimbo wa filamu ya MGM wenyewe ya mwaka 1946. Wimbo huo na katuni hii vyote vilipata tuzo za Oscar katika hafla moja, ya 1947. Na msiudharau ukweli wa kifundi: katika piano ya kulala, ile kubwa yenye nyaya zilizolazwa, nyundo hukaa chini ya nyaya, na nafasi kati yake ni kama sentimita 4 na nusu. Panya anatosha. Panya halisi huingia kweli kwenye piano zisizotunzwa, wakatafuna sufi iliyoshindiliwa ya nyundo.

Miezi michache kabla, mwishoni mwa 1946, Warner Bros. walikuwa wametoa Rhapsody Rabbit, ambamo Bugs Bunny anapiga rapsodia hiyohiyo huku akisumbuliwa na panya. Kila studio iliishuku nyingine. Kwa maoni yetu ya Bugs ina vichekesho vingi vya pembeni, lakini sungura yule anaweza kuacha kupiga wakati wowote akaongea na watazamaji. Kamba imelegea.

Ukitaka kujipima sikio, itazame The Cat Concerto ukiwa umezima sauti dakika moja, kisha uiwashe na kufumba macho dakika hiyohiyo. Ukipata nakala nzuri kwenye kompyuta, simamisha na usogeze fremu moja moja kwenye pigo la mtego. Angalia tu nakala unayotumia. Televisheni za analogi za Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 ikihamishiwa humo moja kwa moja hukimbia kwa asilimia 4 zaidi, na sauti hupanda karibu theluthi mbili za nusu-toni, yaani za hatua kati ya vibao viwili vinavyofuatana vya piano, vyeusi vikihesabiwa. Aliyeizoea nakala kama hiyo atakaposikia ya kasi ya asili ataona Tom anapiga kwa uzito kidogo, na piano imeshuka.