Rex Ingram, mchongaji aliyeongoza filamu bubu

Kila kundi jipya la wanafunzi wangu wa upigaji picha za filamu hunung'unika ninapowawekea filamu bubu ya mwaka 1921. Wanataka lenzi, wanataka droni. Mimi nataka kwanza waone jinsi mwanga unavyoupa umbo uso wa mtu, na kwa somo hilo sijapata mwalimu anayemzidi Rex Ingram wa Ireland.

Tahadhari kwa atakayemtafuta mtandaoni: yuko mwigizaji Mmarekani mweusi mwenye jina hilohilo, aliyecheza jini katika The Thief of Bagdad ya 1940. Hawana undugu.

Huyu wetu alizaliwa Dublin mwanzoni mwa miaka ya 1890 akaitwa Reginald Ingram Montgomery Hitchcock. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana, na utoto wake ulipita zaidi Kinnitty, kijiji kilicho chini ya milima ya Slieve Bloom. Mwaka 1911 akavuka bahari kwenda Marekani. Huko akasomea uchongaji wa sanamu Chuo Kikuu cha Yale, chini ya mchongaji Lee Lawrie, na hapo ndipo penye ufunguo wake wote. Alipoingia kwenye filamu mwaka 1913, akiigiza na kuandika kabla ya kuanza kuongoza 1916, alikuja na macho ya mtu aliyezoea kuuzunguka udongo na kuuliza kivuli kinaangukia wapi.

Zama zile studio nyingi zilimwaga taa kotekote ili kila kitu kionekane. Ingram na mpigapicha wake, John F. Seitz, wakafanya kinyume. Waliacha pembe za chumba zizame gizani, wakauchonga uso kwa mwanga wa upande mmoja. Tazama dansi ya tango katika The Four Horsemen of the Apocalypse, ile ya 1921 ninayowawekea wanafunzi: klabu ya Buenos Aires iliyojaa moshi, nyuso za walevi zikichomoza vipandevipande, na katikati Rudolph Valentino, kijana ambaye hadi siku hiyo hakuwa nyota. Aliyemtetea Valentino apewe nafasi ni mwandishi wa skripti, June Mathis, ambaye pia ndiye aliyeishawishi studio ya Metro imkabidhi Ingram kazi hiyo. Historia ya filamu humsahau mama huyu upesi mno.

Filamu hiyo inahusu Vita Kuu ya Kwanza. Ingram hakupigana kwenye mahandaki ya Ulaya. Aliyepigana ni mdogo wake, Francis Clere, ofisa wa kikosi cha Leinster, aliyekuja kuchapisha shajara yake ya vita. Sidai kwamba kila fremu ya magofu imetoka kwenye barua za ndugu, lakini siwezi kuitazama bila kumkumbuka.

Valentino alipoondoka, Ingram akampandisha mwigizaji mwingine, Ramon Novarro, kupitia The Prisoner of Zenda (1922) na Scaramouche (1923). Scaramouche ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Umati wa mapinduzi ya Ufaransa umepangwa kama nakshi ya ukutani, na bado kila sura ni ya mtu wake. Kasoro ya kudumu ya Ingram ni kwamba alipenda picha kuliko mwendo wa hadithi. Kuna sehemu katika filamu zake unatamani mtu afungue mlango tu, jambo lingine litokee.

Mwaka 1924 Metro iliunganishwa ikawa MGM, chini ya Louis B. Mayer. Ingram na Mayer hawakuelewana kabisa. Mwaka huohuo mwongozaji Erich von Stroheim, aliyeshinikizwa kuikata filamu yake ndefu, Greed, alimpa Ingram mikanda 24. Ingram na mhariri wake, Grant Whytock, wakaishusha hadi 18. Studio haikuridhika, iliyotoka hadharani ilikuwa ya mikanda kama 10. Kwa mtu aliyeamini kwamba filamu ni kazi ya mkono mmoja, ishara ilikuwa wazi.

Akahamia kusini mwa Ufaransa, Nice, kwenye studio za Victorine, mbali na Mayer lakini bado kwa fedha za MGM. Huko alitengeneza Mare Nostrum na The Magician, zote za 1926. Ya pili inaanza na sanamu kubwa inayombomokea mchongaji wa kike, anayechezwa na Alice Terry, mkewe Ingram. Unaweza kuicheka hadithi yake, lakini maabara yake ya mnarani, kwa maoni ya wanahistoria wengi, iliacha alama kwenye filamu ya Frankenstein ya 1931. Kijana mmoja Mwingereza aliyejifunza kazi pale Nice aliitwa Michael Powell, baadaye mmoja wa waongozaji wakubwa wa Uingereza.

Sauti ilipoingia, Ingram alitengeneza filamu moja tu ya maongezi, Baroud, iliyopigwa Moroko, naye mwenyewe akaigiza ndani. Akaacha. Akarudi kwenye sanamu, akasafiri Afrika Kaskazini, akaandika riwaya. Alifariki Los Angeles mwezi Julai 1950. Seitz aliendelea, na ule mwanga wa upande mmoja utauona tena katika filamu aliyoipiga, Double Indemnity ya 1944.

Ukitaka kuanza, The Four Horsemen haina tena hakimiliki Marekani, kwa hiyo si shida kuipata mtandaoni. Tafuta nakala iliyosafishwa. Zile zenye ukungu zinaua vivuli, na bila vivuli hujamwona Ingram.