Kwa nini hita ya maji ya gesi hulia tatata halafu isiwake?

Mwezi wa sita na wa saba, Tabora inapoingia kipupwe, maji ya asubuhi yanauma. Ndipo mwenye nyumba ya wageni anapoikumbuka hita ya gesi aliyoifunga ukutani. Mgeni anafungua bomba la maji ya moto, hita inalia tatata, tatata, kisha kimya. Siku nyingine hata hiyo tatata haisikiki. Wa kwanza kulaumiwa ni mtungi: bodaboda anatumwa kuleta mwingine, unafungwa, na hita inagoma vilevile.

Hita ikigoma hivyo, mara nyingi haijaharibika. Imetengenezwa isiendelee kuachia gesi mpaka mambo kadhaa yatimie, moja baada ya jingine: maji yanapita, cheche ipo (ndiyo ile tatata), gesi imefika, na moto umewaka kweli. Likikosekana moja, inafunga. Ukiujua mpangilio huo, sauti yenyewe inakuonyesha pa kuanzia, na unaweza kuokoa pesa ya mtungi ambao hukuuhitaji.

Maji ndiyo ya kwanza, na kwa hapa kwetu ndiyo yanayosumbua zaidi. Ndani ya hita, mahali maji baridi yanapoingilia, kuna kiwambo cha mpira. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha, kiwambo kinavimba upande mmoja na kusukuma kipini, nacho kinabonyeza swichi ndogo. Bila swichi hiyo kubonyezwa, hita haijui kama kuna mtu anaoga. Haitalia hata kidogo. Maji yakiwa na nguvu ya mpaka-mpaka, tatata inakuja na kukatika, inakuja na kukatika.

Nguvu ya kutosha ni kiasi gani? Soma kibandiko kilicho ubavuni mwa hita. Hita nyingi ndogo hutaka mgandamizo usiopungua MPa 0.02 au 0.025. Kwa lugha ya tangi, hiyo ni kimo cha mita 2 hadi 2.5 kutoka uso wa maji tangini hadi pale maji yanapotokea. Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Isevya au Cheyo: tangi la plastiki limekaa juu ya nguzo za matofali za mita 2.5, na likijaa lina maji ya kimo cha mita 1. Uso wa maji uko mita 3.5 juu ya ardhi. Shawa iko mita 2. Tofauti ni mita 1.5 tu, na hapo hatujatoa nguvu inayopotea kwenye kona za mabomba. Tangi likifika nusu, mambo yameisha.

Ndiyo maana hita hiyohiyo huwaka vizuri siku maji ya bomba la mtaani yanapokuja kwa nguvu, ikagoma siku mnapotumia ya tangi. Watu husema "jana iliwaka, leo imeharibika", kumbe kilichobadilika ni chanzo cha maji. Kipimo chake ni rahisi na hakigharimu kitu. Ukifungua shawa hita ikakataa, funga, kisha fungua maji ya moto kwenye bomba la chini, lile la kujazia ndoo. Bomba hilo likiwa sentimita 60 kutoka sakafuni, kimo kimepanda kutoka mita 1.5 hadi karibu mita 2.9. Hita ikiwaka hapo, hakuna cha kutengeneza ndani yake. Fundi mmoja mzee alimwambia mwenye nyumba mbele yangu, "Mama, gesi unayo. Nguvu ya maji ndiyo huna." Dawa ni kuinua tangi, kufunga pampu ndogo, au kuoga kwa ndoo iliyojazwa maji ya moto, jambo ambalo wala si aibu.

Kabla ya kuinua tangi lakini, fungua kiungo cha maji baridi chini ya hita. Pale kuna wavu mdogo wa kuchuja, na mchanga wa tangini huishia hapo. Wavu ukiziba, kiwambo hakipati msukumo hata kama tangi liko juu ya ghorofa. Vilevile, usifungue maji baridi mengi ili kupooza ya moto kwenye shawa ileile. Baridi inayanyima maji ya moto njia, mwendo ndani ya hita unapungua, na moto unazima ukiwa na sabuni kichwani. Punguza gesi kwa kitasa chake badala yake.

Kanuni hii ya maji kwanza haiko kwenye hita za bafuni peke yake. Hita kubwa za gesi zinazopasha mabwawa ya kuogelea katika nchi za baridi nazo zina swichi ya mgandamizo, na sababu kubwa ya kugoma kwake ni chujio la bwawa lililojaa uchafu. Mtu anahangaika na gesi siku nzima wakati kazi ilikuwa ni kuosha chujio.

Cheche haina maneno mengi. Hita nyingi hutumia betri mbili kubwa za redio, jumla volti 3. Zikichoka, tatata inakuwa ya uvivu au inapotea kabisa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na futa kutu kwenye vishikizo vyake.

Ukisikia tatata nzuri, ya haraka, isiyokatika, basi maji na betri viko sawa, nenda kwenye gesi. Kama mtungi ndio kwanza umebadilishwa, mpira bado una hewa ndani. Gesi ya mitungi huwaka tu ikiwa kati ya asilimia 2 na 9 hivi ya mchanganyiko wake na hewa. Chini ya hapo haishiki, na juu ya hapo pia haishiki. Ndiyo maana jaribio la kwanza au la pili hushindwa halafu ghafla linalofuata linakubali.

Kisha kuna suala la ukubwa wa mtungi. Hita inayopasha lita 6 kwa dakika hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa, mara nne au tano ya plate moja ya jiko. Gesi iko mtungini kama kimiminika, na ili igeuke hewa inahitaji joto, ambalo inalichukua kwenye chuma cha mtungi wenyewe. Mtungi wa kilo 6 unapoa haraka, asubuhi ya Julai unaweza kuuona umetoka jasho mpaka kwenye usawa wa gesi iliyobaki, nguvu inashuka, na hita inazima katikati ya kuoga. Wa kilo 15 unavumilia zaidi. Ukiona hivyo, usiumwagie maji yanayochemka wala kuuweka karibu na moto.

Sasa tuseme moto umewaka, umeuona kwa macho kupitia kidirisha, halafu baada ya sekunde chache umezima. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Moto unapitisha umeme! Kule kuungua kunavunja chembe za gesi na kuacha vipande vyenye chaji, na hita huitumia tabia hiyo kujihakikishia. Karibu na cheche kuna kijiti chembamba cha chuma kinachoingia ndani ya moto. Hita inapeleka umeme kidogo kwenye kijiti, nao unapita ndani ya moto hadi kwenye bati la kichomeo. Mkondo wake hupimwa kwa sehemu za milioni za ampia, lakini unatosha kusema "moto upo". Kijiti kikipata masizi au kikipinda kikatoka nje ya moto, umeme haupiti. Wewe unauona moto, hita haiuoni, inafunga gesi. Zima kila kitu, sugua kijiti taratibu kwa msasa laini, na mara nyingi tatizo limekwisha.

Masizi yenyewe yana chanzo. Hita iliyokaa miezi mingi bila kutumika hupata wapangaji: buibui hutandaza utando kwenye vinjia vya hewa, na nyigu huziba kwa udongo. Hewa ikipungua, moto unakuwa wa njano badala ya bluu na kuacha weusi. Vinjia hivyo husafishwa kwa brashi, wala si kwa kuchokonoa na sindano, kwa sababu tundu la gesi likipanuka hata kidogo kipimo chake kimeharibika.

Kuna jambo moja naomba lisifanywe kabisa. Baadhi ya mafundi, wakishindwa kupata sababu, huunganisha waya kuiruka swichi ya maji. Hita inawaka, mteja anafurahi. Siku maji yakikatika, moto unachoma bomba la shaba lisilo na maji yanayotembea, na maji yaliyonaswa ndani yanageuka mvuke. Vilevile hita isiyo na bomba la kutolea moshi isifungwe ndani ya bafu. Moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, sumu ileile ya jiko la mkaa chumbani, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa zaidi ya mara 200 ya oksijeni.

Na ukijaribu mara tatu bila mafanikio, au ikiwaka kwa kishindo cha "puu!", acha. Gesi imekuwa ikitoka bila kuungua, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni. Dirisha la juu peke yake halitaitoa. Funga mtungi, usiguse swichi ya taa, fungua mlango, na usiwashe chochote mpaka harufu iishe kabisa, hasa kule chini.